Kibali, kibarua na mpaka wa Manyovu: majibu kwa wasomaji

Tangu Serikali itoe amri ya Julai 28, 2025 iliyowafungia wasio raia biashara za aina 15, maswali kuhusu wageni na ajira yamenijia kutoka kila upande, kuanzia Kakonko hadi Ulyankulu. Nimechagua sita. Mimi si wakili. Nimekuwa karani wa malipo kwa miaka mingi, mashambani na bandarini, na ninayoyajua nimeyajulia kwenye daftari.

Shikamoo mzee. Nina heka nne za maharage huku Buhigwe. Kila msimu Warundi wale wale huvuka Manyovu wakaja kunilimia, tunalipana kwa ngwe. Mwaka huu mtendaji kasema atakayeonekana na Mrundi shambani atakwenda naye. Hivi hata kulima tu kunataka kibali?

Marahaba. Ndiyo, kunataka. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 haikuweka ndoo mbili, moja ya mhandisi na nyingine ya mshika jembe. Asiye raia hafanyi kazi ya ujira bila kibali cha Kamishna wa Kazi, na juu yake kuna kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Anayeomba cha kazi ni wewe mwajiri, na unatakiwa uonyeshe kwamba ulimtafuta Mtanzania ukamkosa.

Najua utasema, lakini si tuko Jumuiya moja? Tuko. Burundi iliingia Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja inatumika tangu Julai 2010. Ila kuvuka mpaka kumtembelea shemeji ni jambo moja, na kushika jembe la mtu kwa malipo ni jingine. Upande wa ajira Tanzania ilifungua mlango kwa orodha ya fani za watu waliosomea kazi zao. Kibarua wa ngwe hayumo.

Hapo ndipo sheria na shamba vinapopishana. Fomu ya kibali inamtarajia mtu mwenye pasipoti, vyeti, mkataba na mwajiri mwenye namba ya mlipakodi. Mtu wako anakuja na jembe na sufuria, anakaa wiki tatu, anaondoka. Nani atamjazia fomu hiyo? Hakuna. Kwa hiyo kanuni zikikazwa, kazi inabaki pale pale, anayebadilika ni mwenye sauti.

Nikueleze niliyoyaona. Zamani kidogo nilishika daftari la malipo kwenye shamba la tumbaku upande wa Urambo. Vibarua walikuwa mchanganyiko: Waha wa Kasulu, Wasukuma, na wengine ambao daftarini niliambiwa niwaandike kuwa ni wa Kasulu. Malipo yalikuwa mwisho wa msimu, baada ya tumbaku kuuzwa. Jioni ya kuamkia siku ya malipo msimamizi akapita mabandani akisema, "Kesho Uhamiaji wanakuja." Usiku ule kuna watu walilala miomboni. Asubuhi nikakaa mezani na kidau changu cha wino wa zambarau, nikaita majina. Majina kumi na moja hayakuwa na dole gumba. Uhamiaji hawakuja siku hiyo, wala wiki hiyo. Fedha za wale kumi na moja zilirudishwa kwa mwenye shamba na mimi nikapiga mstari. Bado naukumbuka ule mstari.

Na usidhani Watanzania walifaidika. Msimu uliofuata Mha wa Kasulu alipodai nyongeza aliambiwa, wapo wanaolima kwa nusu ya hiyo. Kibarua asiyeweza kudai huwashusha bei na wanaoweza.

Kwa hiyo wewe mpigie hesabu kibarua wa kijijini kwako, hata kama ngwe itapanda bei. Wengi huku wameanza kurudia kulimiana kwa zamu. Na yeyote utakayemtumia, mlipe jioni ile ile.

Kaka, nina saluni ya kiume Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kinyozi wangu ni Mkongo, ndiye anayeleta wateja. Leseni ina jina langu, yeye hunipa fungu langu kila Jumamosi. Ile amri inamgusa?

Inakugusa na wewe, pengine kuliko unavyofikiri.

Amri ya 2025 inahusu kufanya biashara. Saluni imo kwenye orodha, isipokuwa iliyo ndani ya hoteli au ya kuhudumia watalii. Zimo pia ufundi simu, miamala ya fedha kwa simu, duka la rejareja na udalali. Kama saluni ni yako kweli na yeye umemwajiri, hesabu yake iko kwenye ile sheria ya 2015: kibali cha kazi, na maelezo ya kwa nini Kigoma nzima umekosa Mtanzania wa kunyoa. Kila la heri na maelezo hayo.

Ila sentensi yako imenishtua. Mwajiri humlipa kinyozi, wewe kinyozi ndiye anayekulipa. Najua utaniambia hata vinyozi Watanzania huleta hesabu kwa mwenye mashine, na ni kweli. Lakini mkaguzi hatakuuliza desturi. Atauliza mkataba wa fremu una jina la nani, mashine na viti vilinunuliwa na nani, na nani anaweza kumfukuza nani. Majibu yote matatu yakimwangukia Mkongo, basi leseni yako ni kivuli. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Mgeni mwenyewe faini yake haipungui milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza na kibali vinafutwa.

Waliokuwa na leseni halali kabla ya amri waliruhusiwa kumalizia muda wake tu. Mimi amri hii naielewa inakotoka. Kariakoo wenye maduka walikuwa wamewalilia wageni muda mrefu kwamba wanawanyang'anya biashara. Lakini Kigoma si Kariakoo. Hapa vijana wetu wengi walijifunzia mashine ya kunyolea mikononi mwa Wakongo hao hao. Ukimwondoa fundi kabla mwanafunzi hajaiva, kinachofungwa ni mlango. Muulize basi kijana anayefagia nywele kama anaweza kushika kiti kuanzia mwezi ujao.

Kasulu hapa. Wanunuzi kutoka Burundi walikuwa wanatufuata mpaka shambani na fedha mkononi. Sasa wanakuja na Mtanzania mbele, na bei imeshuka. Ni halali?

Kununua mazao shambani ni moja ya zile biashara 15, kwa hiyo mgeni haruhusiwi kukufuata kwenye tuta. Sokoni hajakatazwa kununua. Huyo Mtanzania anayetangulia ni kazi mpya iliyozaliwa na amri, na mshahara wake unakatwa kwenye gunia lako. Pelekeni mzigo sokoni kwa pamoja, mkodi gari moja. Vinginevyo dalali ataendelea kuwapangia.

Mimi ni kijana wa Uvinza, nina cheti cha VETA. Reli ya kisasa inapita kwetu na Wachina wanaonekana hadi kwenye kazi ambazo naweza kuzifanya. Kwani sheria haisemi chochote?

Inasema, na ina jino. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022 na kampuni za Kichina. Mwajiri anayeomba kibali cha kazi kwa mgeni anapaswa kuwa na mpango wa kurithisha ujuzi: nani Mtanzania atakayefundishwa, na lini atakishika kile kiti. Kibali hutolewa kwa miezi 24, na kikifika muda wa kuongezwa, ofisi ya kazi ina haki ya kuuliza huyo mrithi yuko wapi.

Udhaifu ni kwamba mpango huu huandikwa vizuri sana. Nimewahi kuona mmoja ambao mrithi wa fundi mkuu alikuwa mlinzi wa geti. Jina lake lilikuwa la kwanza kupatikana siku ile. Wewe usiende getini kuomba "kazi yoyote". Peleka barua inayotaja kazi unayoiweza, ambatisha cheti, nakala ipeleke ofisi ya kazi ya mkoa na halmashauri. Ombi lako likiwa kwenye faili, mwajiri atapata tabu kusema alimtafuta Mtanzania akamkosa. Na jifunze maneno machache ya Kichina ya kiwandani. Wenzako walioyajua ndio waliopandishwa kuwa wanyapara.

Wazazi wangu ni wa mwaka 1972, mimi nimezaliwa Ulyankulu. Mwenye kampuni Tabora mjini kaniomba kibali cha kazi cha mkimbizi. Nimpe nini?

Mpe nakala ya cheti cha uraia. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 waliokuwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo waliopewa uraia ni zaidi ya 160,000, na vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Raia wa tajnisi, yaani aliyepewa uraia kwa kuomba, haombi kibali cha kazi nchini mwake. Huyo mwajiri nadhani anawachanganya ninyi na wakimbizi wa kambini, kama Nyarugusu, waliokimbia baadaye. Wale hata kutoka nje ya kambi kunataka ruhusa, na kufanya kazi kunataka kibali cha pekee. Kama familia yako ni miongoni mwa ambazo hazikupata cheti, hapo usijaze chochote mpaka umefika Uhamiaji.

Mzee wangu, mimi ni mama wa Kibirizi. Mwanangu kazaliwa hospitali ya Maweni, kasoma hapa hapa. Kapata kazi ya ulinzi bandarini, mwajiri anataka namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Kila akienda anaulizwa babu yake alizaliwa wapi, alizikwa wapi. Mwajiri kasema atumie namba ya kaka yake kwa muda. Nifanyeje?

Mama, pole. Sisi wa Kigoma tunajua kwamba kanuni za wageni zikikazwa, wa kwanza kusimamishwa ni mwenye lafudhi yetu.

Namba ya kaka yake asiitumie, hata kwa wiki moja. Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zianze kuzimwa Januari 2020, namba ya NIDA imeshika kila kitu: laini ya simu, akaunti ya benki, michango ya NSSF. Mwanao atakesha getini na akiba yake ya uzeeni itaandikwa kwa kaka. Siku wakigombana, au kaka akitangulia mbele ya haki, nani atamwamini?

Kusanya karatasi: cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba, vitambulisho vya kura vyako na vya baba yake, barua ya mtendaji wa mtaa. Fungua na lile sanduku la marehemu babu. Kadi ya TANU au stakabadhi ya kodi ya zamani imewahi kuwatoa watu. Wakikataa, ombeni sababu kwa maandishi. Mwajiri naye apelekewe nakala ya ombi lililopokelewa, aone kijana hajakaa bure.

Na lile swali la babu msilijibu kwa kukisia. Wengi wa babu zetu walichukuliwa kwa treni kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba, na baadhi hawakurudi. Kama wake ni mmoja wao, andikeni hivyo: aliondoka kijiji gani, akaenda shamba gani, mwaka gani, na hakurudi.