Joto la Moshi na vidonge vya antioksidanti: maswali yenu

Februari hii wanaofika dirishani kwangu, hapa duka la dawa, wanauliza habari za jua kuliko mafua. Nimejibu machache.

*Shikamoo mama. Naendesha bodaboda hapa Moshi mjini. Ikifika saa nane mchana kichwa kinakuwa kizito, hata chenji nakosea. Nimeambiwa vidonge vya antioksidanti vinapoza ubongo. Kweli?*

Marahaba. Havipozi. Mwenye kazi hiyo ni haipothalamasi, kisehemu kidogo kwenye kitako cha ubongo, kinachoulinda mwili usiende mbali na nyuzi 37. Jua likikuzidi, kinasukuma damu kwenye ngozi na kufungulia jasho. Damu hiyo inanyang'anywa kwingine, tumbo likitangulia. Na jasho likishakukausha, ubongo nao unapunjwa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako lakini hula karibu asilimia 20 ya oksijeni, kwa hiyo ukipunjwa unalalamika mapema. Ndiyo hiyo chenji.

Aliyekuambia hakukudanganya kila kitu. Seli zikipata joto kali hutoa chembe haribifu za oksijeni, na antioksidanti huzizima. Kwa panya wa maabara hilo limeonekana mara nyingi. Ila panya havai helmeti akasubiri abiria juani. Paki kivulini, ivue, lowesha shingo, kunywa maji kabla koo halijakauka.

*Naishi Arusha, nashuka kukimbia Kilimanjaro Marathon. Nianze vitamini C ya gramu moja kila siku?*

Swali hili nalipenda. Mwaka 1962 Mwitaliano Ferruccio Ritossa aligundua kwa inzi wadogo wa matunda kwamba joto huamsha jeni fulani. Baadaye ikajulikana kuwa jeni hizo hutengeneza protini za mshtuko wa joto, zinazokarabati seli iliyoumia. Maana yake lile joto linalokuumiza kidogo ndilo linaloufundisha mwili. Sasa ukizima kila cheche kwa antioksidanti kama vitamini C, mwalimu anafundisha nini? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliwapa watu kwesetini, antioksidanti iliyomo kwenye vitunguu, kwa dozi kubwa ya vidonge wakati wanazoeshwa joto. Protini zile hazikuongezeka kama ilivyotarajiwa.

Upande wa pili, mwaka 1976 kule Afrika Kusini, wachimba migodi wapya waliopewa vitamini C ya miligramu 250 au 500 kwa siku walizoea joto haraka zaidi. Kwa hiyo sisemi ni sumu. Nasema gramu moja ni nyingi bila sababu, na inaweza kukuharisha, jambo ambalo mkimbiaji halitaki kabisa. Moshi iko chini ya Arusha kwa mita 500 hivi, na joto lake unalijua. Kama una shangazi huku, njoo siku 7 hadi 14 kabla, ufanye mazoezi mepesi mchana. Jasho litaanza kutoka mapema na moyo utatulia.

*Babu yetu anavuta sigara na joto linamchosha. Tumnunulie beta-karotini?*

Hapana. Beta-karotini ni antioksidanti iliyomo kwenye karoti. Ufini waliwafuatilia wavutaji zaidi ya 29,000, na matokeo ya mwaka 1994 yakaonyesha waliomeza vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Karoti za sokoni ale tu. Kama anatumia dawa ya presha ya kukojoza, daktari wake aambiwe kuhusu huo uchovu.

*Sisi mafundi ujenzi. Mwenzetu alianza kuongea hovyo juani, mwili wa moto. Tukampa Panadol. Tulikosea?*

Mlikosea, ingawa wengi wangefanya hivyohivyo. Kwenye homa ya malaria ubongo wenyewe umepandisha kipimo cha joto unachokilenga, na dawa hiyo hukishusha. Juani kipimo hakijapanda. Mwili ndio umeshindwa kutoa joto, kwa hiyo dawa haina cha kushusha. Akichanganyikiwa namna hiyo mhesabuni ana kiharusi cha joto, ambacho mwili huvuka nyuzi 40. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji baridi mwili mzima, mpepeeni kwa chochote, hata boksi la saruji, huku gari la hospitali likitafutwa. Aliyepoteza fahamu msimnyweshe kitu.

*Na asiye na hela ya vidonge?*

Pera moja lina vitamini C ya siku nzima, na chenji inabaki.