Siku ya 21 haikuwa siku yangu

Mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Una miaka 29, ndoa iko mwaka wa tatu, umepima projesteroni siku ya 21 ya mzunguko ikatoka 0.9, na muuza duka la dawa kakwambia homoni hiyo haiwezi kubeba mimba. Umeshanunua boksi la vidonge vya jamii ya homoni hiyo, unauliza kama uanze siku ya 16 alivyokuelekeza. Halafu mwishoni kabisa, kama kitu kisicho na maana, ukataja kwamba siku zako huja kila baada ya siku 35 mpaka 38. Mwenzangu, hilo ulipaswa kulianza nalo. Mimi lilinigharimu miaka mitatu.

Ni fundi cherehani, niko Ngamiani, Tanga. Niliolewa 2015. Mwaka 2017 nilishika mimba ikatoka wiki ya saba, baada ya hapo kimya. Mzunguko wangu ulikuwa siku 36, 37, mwezi mwingine 40. Nilikuwa nauandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja: mbele viuno na mabega ya watu, nyuma hedhi zangu. Somo yangu ndiye aliyenifundisha kuandika toka nilipovunja ungo, nikaendelea kwa mazoea tu. Wala sikuwahi kulionyesha kwa mtu yeyote wa hospitali.

2018 nikapimwa damu siku ya 21, majibu 0.6. Nikaambiwa iko chini mno, ndiyo iliyoitoa ile mimba na ndiyo inayozuia nyingine. Nililia kwenye bajaji mpaka Makorora. Hakuna aliyeniuliza siku zangu huja baada ya siku ngapi.

Sasa sikiliza jinsi inavyofanya kazi, maana hili ukilishika hutatishwa tena na karatasi. Yai likipevuka linapasua kifuko chake na kutoka. Kile kifuko kilichobaki kinageuka tezi ndogo ya manjano, na hiyo ndiyo inayotoa projesteroni. Estrojeni, homoni nyingine ya kike, imeshajenga ukuta wa ndani wa kizazi. Projesteroni inakuja kuutuliza na kuulainisha ili mimba ipate pa kushika. Mimba isipoingia, tezi ile inakufa baada ya siku 12 hadi 14 hivi, projesteroni inaporomoka, unaona siku zako. Mimba ikiingia, inaendelea na kazi mpaka kondo la nyuma lipokee, kati ya wiki ya 7 na ya 10. Maana yake, kabla yai halijatoka projesteroni ya kila mwanamke iko chini, hata ya yule jirani mwenye watoto tisa.

Na urefu wa mzunguko unatokana zaidi na nusu ya kwanza. Ya pili haiyumbi sana. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai linatoka kama siku ya 14, na projesteroni inafika kileleni kama siku ya 21. Hapo ndipo 21 ilipotoka, siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye siku 37 kama mimi, yai linatoka karibu na siku ya 23. Kunipima siku ya 21 ni sawa na kwenda kuulizia mchele shambani na mpunga haujachanua. Kipimo changu kilipaswa kuwa siku ya 30. Chako, kwa mizunguko uliyoitaja, kati ya siku ya 28 na ya 31.

Sasa kuhusu hilo boksi, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Nami nilipewa vidonge vya jamii ya projesteroni, siku ya 16 hadi ya 25, miezi sita. Mwezi wa kwanza hedhi ikaja siku ya 28. Mungu wangu, nilivyofurahi! Nikasema kizazi kimeamka, nikasonga bada siku hiyo, nikamwita na wifi. Miezi sita mzunguko ukaenda kama saa ya ukutani, na mimba hakuna. Kumbe mwili ukipata dawa ile kabla yai halijatoka, ubongo unaweza kudhani yai lilishatoka, usitoe tena ile amri ya kulipasua. Mimi wa siku ya 23 nimeanza dawa siku ya 16: nilikuwa nafunga mlango mwenyewe halafu nashangaa mgeni haingii. Na ile damu iliyokuja kwa wakati ilikuwa damu ya kuacha vidonge basi, haikusema lolote kuhusu yai. Sisemi vidonge hivyo ni vibaya. Vina kazi yake, nitaigusa chini. Ila usivianze siku ya 16 kabla daktari hajaliona daftari lako.

Katikati ya hayo mavyaa wangu alikuwa na jibu lake: chango. Huku kwetu ukichelewa kuzaa una chango, tumbo likikuuma hedhini una chango. Nilikunywa mizizi ya kila rangi. Simdharau bibi wa watu, alitoa hela yake na alinipenda, lakini chango linabeba mambo kumi tofauti kwenye jina moja, huwezi kujua unatibu lipi. Na usidhani mtandaoni kuna nafuu. Huko wanauza krimu ya kiazi mwitu kwamba "inapandisha projesteroni". Chanzo chake ni kweli nusu: miaka ya 1940 mkemia Mmarekani Russell Marker alitengeneza projesteroni kutoka kwenye viazi mwitu vya Meksiko. Lakini alifanya hivyo maabara, kwa hatua za kikemia ambazo mwili wa binadamu hauna. Kiazi kikuu kipike na nazi ushibe, projesteroni hutaipata humo.

2021 nikapata daktari mwingine, mama wa makamo. Nilipomtajia 0.6 hakushtuka, akauliza, "Hedhi inayofuata ilikuja lini?" Nikatoa daftari. Akahesabu kwa kalamu, akatikisa kichwa. Kisha maswali ambayo niliona hayahusiani: unasikia baridi? Choo kigumu? Nywele zinakatika? Umenenepa bila kula sana? Damu ya hedhi ni nyingi? Nikabaki nimeduwaa. Februari ya Tanga, watu wanalala barazani kwa joto, mimi nazima feni na kujifunika shuka mbili, mume wangu ananitania kwamba nimeolewa toka Lushoto, kule milimani kwenye baridi. Nilijua ni uchovu wa cherehani.

Akaagiza kipimo cha TSH, homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi ya shingoni, cha prolaktini na altrasaundi. TSH ikatoka 14, wakati kawaida haizidi 4 na kidogo. Prolaktini, ile homoni ya maziwa, nayo imepanda. Tezi ya thairoidi, hii ya shingoni, ilikuwa imelala. Alinieleza hivi: tezi ikilala ubongo unaipigia kelele iamke, na kelele ileile inaamsha prolaktini. Prolaktini ikipanda, yai linachelewa au halitoki kabisa, na yai lisipotoka hakuna wa kutengeneza projesteroni. Kwa hiyo projesteroni yangu haikuwa ugonjwa. Ilikuwa inaripoti ugonjwa uliokaa shingoni.

Nikaanza levothairoksini. Kidonge kimoja alfajiri kwa maji matupu, chai baada ya nusu saa au zaidi, na vidonge vya kuongeza damu mbali nacho saa nne nzima, maana madini ya chuma yanakizuia kuingia mwilini. Baada ya miezi mitano mzunguko ukashuka mpaka siku 31, damu ikapungua, feni ikarudi kuwashwa. Tukapima projesteroni siku ya 24: 11.8. Kwa kipimo cha nanogramu, kikizidi 3 ni dalili kwamba yai limetoka. Na hapo sikuwa nimemeza kidonge hata kimoja cha projesteroni.

Angalia pia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba yako. Maabara nyingine zinaandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita, na nanogramu 1 ni nanomoli 3 na kidogo. Nimeona watu humu wanalinganisha namba za aina mbili na kupeana presha bure. Tena projesteroni inatoka kwa kupandashuka, asubuhi na jioni ya siku moja zinaweza kupishana sana. Hata ikipimwa siku sahihi, namba moja ya chini bado haijamaliza mazungumzo.

Si lazima yako iwe tezi. Sababu inayoongoza ya yai kutopevuka ni ovari zenye vifuko vingi, na dalili zake ni mizunguko mirefu, chunusi, ndevu kidogo kidevuni. Huko wanatumia dawa ya kupevusha yai. Utafiti wa Marekani wa 2014 kwa wanawake 750 ulionyesha waliopewa letrozoli walijifungua asilimia 27.5, wa klomifeni asilimia 19.1. Kwa wengine sababu ni kukonda sana, kunyonyesha, au umri wa kukaribia kukoma hedhi. Na mume wako apime mbegu, tena mapema. Wangu alisuasua miezi minane kwa kipimo cha dakika chache.

Ile kazi ya vidonge niliyoahidi: kama mtu anakaa miezi mitatu au zaidi bila hedhi na hana mimba, estrojeni inaendelea kujenga ukuta bila wa kuutuliza. Ukija kumwagika unamwagika vibaya, pedi kila saa, mabonge, damu inaisha mwilini. Ukikaa hivyo miaka, ukuta unaweza kuanza kubadilika kuelekea kansa ya ukuta huo wa ndani wa kizazi. Huyo anahitaji dawa ya jamii hiyo hata kama hatafuti mtoto leo. Dada zangu mnaosema "mimi nina raha, hedhi naiona mara tatu kwa mwaka", hiyo si raha, nendeni mkaonekane.

2022 nikashika mimba. Dozi ya tezi ikaongezwa mara moja, mimba inataka zaidi. Wiki ya sita nikaona damu, nikajua yaleyale. Altrasaundi kwanza, kuhakikisha mimba iko ndani ya kizazi na moyo unapiga; mimba iliyotunga nje nayo hutoa damu na projesteroni yake huwa ndogo, ukijitibu nyumbani unaweza kufa. Maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, usingoje asubuhi. Baada ya hapo nikapewa projesteroni ya kuweka ukeni, miligramu 400 asubuhi na usiku, mpaka wiki ya 16. Nikamuuliza daktari kwa nini haikutolewa mwanzo. Akaniambia kuna utafiti wa Uingereza wa 2015, wanawake 836 waliopoteza mimba mara kwa mara, projesteroni haikuleta tofauti ya maana. Wa 2019, zaidi ya 4,000 waliotokwa damu mimba ikiwa changa, faida ilionekana kwa waliokuwa wamewahi kupoteza mimba kabla. Mimi nilikuwa wa kundi hilo.

Nikamuuliza pia kuhusu ya 2017. Akasema karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema, au zaidi, zinatoka kwa kasoro ya kromosomu, nyuzi za urithi, za mimba yenyewe; tezi yangu nayo huenda ilichangia; projesteroni mara nyingi inashuka kwa sababu mimba imeshaanza kufa. Miaka mitano nilikuwa nimejibebesha. Binti yangu sasa anasoma chekechea, anachora nyuma ya daftari lilelile.

Umesema umeona siku zako Jumamosi iliyopita. Hesabu Jumamosi hiyo kuwa siku ya 1, basi siku ya 28 ni Ijumaa ya wiki ya nne. Pima siku hiyo asubuhi, kabla maabara haijafungwa kwa swala. Hedhi isipokuja mpaka Ijumaa inayofuata, rudia, halafu uandike tarehe ilipokuja. TSH na prolaktini unaweza kuzipima hata kesho. Boksi liache kabatini, risiti usiitupe.