Muulize Fundi: Upepo ukivuma California, umeme unakatwa makusudi

Mizabibu ya huku Sonoma ikianza kugeuka rangi, barua zinazonifikia ni za umeme tu. Safari hii nimekusanya zile za watu wanaokatiwa makusudi ili nyaya zisije zikawasha msitu. Kwa msomaji mgeni: mimi ni fundi umeme, kazi nimejifunzia Tanga, na sasa nafunga betri na chenjiova, yaani swichi ya kuihamisha nyumba kutoka umeme wa kampuni kwenda wa jenereta, kwenye nyumba za kaskazini ya San Francisco. Nikigusa dawa, chukueni nilichosema mkamwulize daktari wenu.

Fundi, shikamoo. Shemeji yangu yuko California. Ananiambia wamekatiwa umeme siku mbili kwa sababu ya upepo. Nilicheka. Sisi mgao tumeuzoea, lakini Marekani? Au hawataki kusema kwamba umeme hawana? — Msomaji, Dodoma

Marahaba. Umeme upo. Mgao unakuja maji ya bwawa yakipungua au mtambo ukiharibika, kilichopo hakitoshi, basi mnapokezana. Huku kinachoogopwa ni waya wenyewe. Nyasi zinakauka tangu mwanzo wa kiangazi na mvua huenda isinyeshe hadi Novemba. Hapo katikati hushuka upepo mkavu kutoka milimani, huku kaskazini wanauita Diablo, kusini Santa Ana. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 20 na upepo unapiga kwa mikupuo ya kilomita 70 kwa saa, tawi moja likiegemea waya, au waya mbili zikigusana, cheche inayodondoka inakuta kila kitu tayari kuwaka.

Walioanza kukata ni kampuni ya San Diego, baada ya mioto ya Oktoba 2007. PG&E, inayohudumia sehemu kubwa ya kaskazini na kati ya jimbo, ilianza Oktoba 2018. Mwezi uliofuata, tarehe 8 Novemba, ndoano ya chuma iliyolika kwa uzee ilikatika kwenye mnara wa njia kuu ya umeme katika Kaunti ya Butte. Moto wake, Camp Fire, uliuteketeza mji wa Paradise na kuua watu 85. Siku zilizotangulia kampuni ilikuwa imewatangazia watu wa kaunti ile kwamba huenda ikakata. Haikukata. Juni 2020 ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia.

Ukishalijua hilo, utaelewa kwa nini mwaka 2019 walikata kama watu waliopagawa. Oktoba ile, awamu moja iliwaacha gizani wateja zaidi ya 700,000, nyingine zaidi ya 900,000. Na mteja mmoja ni mita moja. Wewe hesabu waliomo ndani ya nyumba. Hata hivyo, katikati ya kukata kwote huko, moto wa Kincade ukaanza hapa hapa Sonoma kwenye njia kuu ambayo haikuwa imezimwa. Zilizozimwa zilikuwa nyaya ndogo za mitaani.

Ukiniuliza mimi, kukata nakuunga mkono. Baada ya awamu ya kwanza ya Oktoba ile wakaguzi walikuta sehemu zaidi ya 100 ambako upepo ulikuwa umeharibu nyaya au kuziangushia miti. Kinachonikera ni jambo jingine. Kampuni ikishabonyeza swichi, hatari ya cheche inafutika kwenye vitabu vyake, na hatari nyingine inaanza ndani kwa mteja: mshumaa, jenereta, mkaa, mashine ya oksijeni iliyonyamaza. Barua zinazofuata zote ni za hatari hiyo ya pili.

Fundi, salaam. Tunaishi milimani, Kaunti ya El Dorado. Mama mzazi yuko nasi, ana miaka 78. Usiku anatumia mashine ya oksijeni, mchana pia akichoka, na ni mgonjwa wa sukari, anajidunga insulini. Tulijaza fomu ya wagonjwa ya kampuni ya umeme nikadhani sisi hatutakatiwa. Tumepata ujumbe kama wengine. Nifanye nini? — Binti yake

Dada, pole, na mfikishie mama shikamoo yangu. Fomu hiyo, aliyoisaini daktari wake, ina faida mbili: bei nafuu kwa umeme wa ziada unaotumiwa na mashine, na taarifa za msisitizo. Haimzuii mtu kukata. Waya unaowaletea umeme ni huo huo unaopita kwa majirani, hakuna njia ya kumwachia mmoja. Taarifa huja siku mbili kabla, siku moja kabla, kisha saa chache kabla. Kila moja ijibu, hata kama umeshaisoma. Usipojibu wanamtuma mtu agonge mlango, na ukiwa kazini mama atainuka kitandani kwenda kumfungulia mgeni.

Sasa mashine. Igeuze, usome kibandiko cha nyuma. Ya lita tano kwa dakika kwa kawaida hula wati 300 hadi 350. Ikiwaka usiku na mchana ni yuniti saba au nane kwa siku. Zile betri za kubeba mkononi zinazouzwa madukani, nyingi zina yuniti moja tu, kwa hiyo mashine ya mama itaimaliza kwa muda usiofika saa tatu. Nayasema haya kwa sababu nimewakuta watu wameiweka betri kama hiyo chini ya kitanda cha mgonjwa, wakalala wametulia. Hiyo itafaa kwa mashine ndogo ya kupumulia usingizini, tena ukizima kipasha maji chake. Kwa oksijeni, kinga ya kwanza ni mitungi. Mpigie leo aliyewaletea mashine, mwulize mitungi ya akiba atakayowaachia itatosha saa ngapi kwa kiwango alichoandikiwa mama. Jibu liandike ukutani.

Kama saa hizo hazifiki siku mbili, panga kuhama kabla ya kukatwa. Siku mbili sizitaji ovyo. Upepo ukishatulia umeme haurudi papo hapo. Lazima nyaya zikaguliwe kwa helikopta, kwa gari na pengine kwa miguu, na kazi hiyo hufanyika mchana. Upepo ukitulia magharibi, jihesabieni mtalala gizani tena. Piga 211, namba ya simu ya huduma za jamii, uulize msaada wa hoteli au usafiri kwa wagonjwa. Vile vituo vya kampuni vya kuchajia simu vinafaa, ila vingi hufungwa usiku, na usiku ndio mama anaotumia mashine.

Insulini isikutie hofu kubwa. Nyingi, zikishafunguliwa, hukaa nje ya friji hadi siku 28 mradi joto lisipite nyuzi 30. Mfamasia atakuambia kuhusu ya mama. Zilizofungwa ndizo zinazotaka baridi, lakini zisilale juu ya barafu, zikiganda ni za kutupa. Kama una mtungi wa udongo kama wa nyumbani, utoe. Kwetu pwani, hewa ikiwa nzito, mtungi hupoza kidogo tu. Huku siku za upepo hewa ni kavu kiasi kwamba mtungi uliolowa kivulini unapoza vizuri kuliko nilivyowahi kuona Tanga. Chupa iwe kavu ndani ya kifuko, juu funika kitambaa chenye maji.

Jambo moja zaidi. Usiweke matumaini yote kwenye simu ya mkononi. Oktoba 2019 zaidi ya nusu ya minara ya simu ya Kaunti ya Marin ilizimika. Mwaka uliofuata wasimamizi wa jimbo waliagiza minara ya maeneo ya hatari iwe na umeme wa akiba wa saa 72, lakini mimi ningempa jirani ufunguo.

Kaka Fundi, nimenunua jenereta ya mkononi kwa mtu. Rafiki yangu anasema nisipoteze hela kwa chenjiova: nitengeneze waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, nichomeke kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo, nyumba nzima iwake. Halafu mke wangu anauliza, jiko letu ni la umeme, tukiwasha jiko la mkaa gereji na mlango tukauacha nusu wazi? — Baba Zuhura, Napa

Baba Zuhura, rafiki yako asikuguse nyumba.

Waya huo ukichomoka upande mmoja, meno ya plagi yana umeme na wewe umeyashika. Halafu kuna lile usiloliona. Umeme wa jenereta unatoka kwenye boksi lako la breka, zile swichi kuu za nyumba, unarudi kwenye transfoma ya mtaani. Transfoma inayoshusha umeme hadi volti 240 ukija kwako, ndiyo inayoupandisha hadi maelfu ya volti ukienda kinyume. Huko juu yupo mwenzangu ameshika waya ambao ameambiwa umezimwa. Ni kinyume cha sheria, na sheria hiyo mimi ningeisimamia kwa fimbo. Kama chenjiova ni ghali, kuna kizuizi cha chuma kinachofungwa kwenye boksi la breka, kinachofanya breka kuu na ya jenereta zisiweze kuwaka pamoja. Ni rahisi zaidi, lakini afunge fundi mwenye leseni. La sivyo, pitisha ekstensheni nene dirishani, friji iwake, taa mbili ziwake, basi.

Jenereta ikae nje, mita sita au zaidi kutoka madirishani, bomba la moshi litazame mbali na nyumba. Gereji si nje. Baraza si nje.

Na shemeji mwambie kwa heshima zote: mkaa hapana. Najua anachofikiria, kwetu jiko la mkaa limepika pilau za harusi. Limepika uani, au kwenye jiko la makuti ambako upepo unaingia na kutoka. Nyumba za huku zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, na kaboni monoksaidi haina harufu. Mtu anahisi usingizi, analala. Nusu mlango hautoshi. Likae uani kabisa, na siku ya upepo mkali hata huko usiliwashe, maana mtakuwa mmekatiwa umeme kuzuia cheche, nanyi mnazirusha kwa mkono. Nunueni mkate na tende, mle vya baridi usiku huo.

Ukiwa gereji, tazama juu ya mlango, utaona kamba nyekundu. Mfundishe kila aliye nyumbani kuivuta, ndiyo inayouachia mlango ufunguliwe kwa mkono. Katika mioto ya Oktoba 2017 kulikuwa na watu, wazee zaidi, walioshindwa kutoa magari yao kwa sababu milango ya umeme iligoma. Tangu Julai 2019 sheria ya California inataka mota mpya za milango hiyo ziwe na betri. Yako ni ya zamani, sina shaka.

Fundi, niaje. Nimeweka sola juu ya nyumba, pesa mob sana. Stima ikikatwa, jua liko kali, na kwangu hakuna hata taa. Nimeibiwa? — Kijana wa Oakland, milimani

Hujaibiwa, ila aliyekuuzia alipaswa kukuambia. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uweze kutumika nyumbani, ikiwa imeunganishwa na gridi, yaani nyaya za kampuni, hujizima gridi ikizima, kwa sababu ile ile niliyompa Baba Zuhura: isimpelekee umeme mtu aliye juu ya nguzo. Unahitaji betri pamoja na kifaa kinachoitenga nyumba na gridi. Kabla hujaingia deni la pili, andika unachotaka kiwake. Friji, taa na intaneti ni betri moja ya ukutani. Ukitaka na kiyoyozi, hiyo ni bei nyingine.

Mheshimiwa Fundi, umeme ulikatwa siku mbili na nusu. Friza lilikuwa limejaa nyama ya mbuzi na samaki wa mwezi mzima. Nani atanilipa? Na je, nyama bado inalika? — Mama Neema, Kaunti ya Butte

Mama Neema, pole. Nianze na nyama, kwa kuwa malipo yatakuudhi. Friza lililojaa, usipolifungua, hushika baridi kama saa 48. Lililojaa nusu, saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Kwa siku mbili na nusu, nyama ambayo bado ina chembe za barafu unaweza kuipika. Iliyolegea na kupata joto tupa, hata kama hainuki, na usiionje kuipima. Mara nyingine jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji siku ya onyo la kwanza.

Malipo sasa. Watu wanakumbuka dola 100 ambazo PG&E ilizipunguza kwenye ankara za nyumba, na 250 kwa biashara, baada ya kukata kwa tarehe 9 Oktoba 2019. Hiyo ilitokana na shinikizo la Gavana Newsom na lilikuwa jambo la mara moja. Wateja walioishitaki kampuni kwa hasara za mwaka ule walifika hadi Mahakama ya Juu kabisa ya California, na Novemba 2023 ikaamua kwamba madai yao yasingeweza kuendelea, kwa kuwa yangeingilia mamlaka ya tume inayosimamia kampuni za umeme. Soma bima ya nyumba yako, ila angalia kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe kwanza. Kikiwa dola 1,000, mbuzi wako hafiki huko.

Kama mnapata CalFresh, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula kwa kadi, hapo ipo haki yenu na wengi hawaijui: chakula kilichonunuliwa kwa kadi hiyo, kikiharibika kwa sababu ya kukatika umeme, kinaweza kurudishiwa hadi kiasi cha mwezi mmoja. Ripoti ofisi ya kaunti ndani ya siku 10 tangu kiharibike. Piga picha friza kabla hujatupa, andika orodha, na utunze ule ujumbe wa simu uliosema umeme utakatwa. Hata kama umeshatupa kila kitu, nenda kesho asubuhi na orodha tu.