Klabu za treni ndogo za mvuke: nyie mnaogopa boila, mimi naogopa abiria

Mkuu umeuliza mambo mawili, kwanza hawa watu wa klabu za treni ndogo za mvuke huwa wanafanya nini hasa wikendi nzima, pili kama ni salama kumpandisha mtoto kwenye kitreni chenye moto wa kweli na boila la kweli. Nimeona waliotangulia kujibu wote wamekimbilia boila, litalipuka, ni bomu, sijui nini. Mimi niko kwenye klabu ya hivyo miaka sasa, nimeendesha, nimekaa gadi (yule anayekaa behewa la nyuma kuchunga abiria na breki), nimepiga koleo la kokoto mpaka mgongo ukagoma, acha nikujibu kwa ninavyoyajua. Kwa kifupi, boila ndio kitu kinachochungwa kuliko vyote pale, kwa sababu kila mtu analiogopa. Wanaoumia wengi wanaumia kwenye mabehewa.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Sio toy ya umeme ya mezani. Ni injini iliyopunguzwa ukubwa lakini inachoma makaa ya mawe, inachemsha maji, inavuta watu wazima. Geji, yaani nafasi kati ya reli mbili, zinazobeba abiria sana ni milimita 127 na 184, na Marekani sehemu kubwa wanatumia 190.5, ila kaskazini mashariki yao wako kwenye 184 kama Waingereza. Tofauti ya milimita 6 tu lakini ukija na injini yako bila kuuliza unarudi nayo kwenye trela haijagusa reli. Huko Oregon, karibu na Chiloquin, kuna Train Mountain ambao wametandika zaidi ya kilomita 40 za hiyo reli ndogo msituni, yaani ni wendawazimu wa aina yake, wa kupendeza.

Sasa shughuli. Watu wanadhani ni kuendesha tu, aisee, kuendesha ndio sehemu ndogo. Kazi kubwa ni reli yenyewe: mataruma yanaoza, kokoto inazama, mvua ikinyesha tuta linashuka upande mmoja, na kwa reli nyembamba namna ile upande mmoja ukishuka milimita chache tu behewa linaanza kuyumba. Kwa hiyo siku za kazi wazee wanapiga magoti na levo na jeki, wanainua reli, wanashindilia kokoto, wanasogea hatua mbili, wanarudia. Wengine wako karakana wanachonga vyuma, injini moja inaweza kuchukua mtu miaka kumi na zaidi kuimaliza. Halafu ndio zinakuja siku za abiria, watoto foleni, filimbi kila dakika.

Siku hiyo mwenye injini anafika asubuhi mapema. Anapitisha macho kila nati, anatia oili, anajaza maji, anaweka kifeni cha umeme juu ya bomba la moshi ili kivute hewa kupitia kwenye moto, anawasha mkaa uliolowekwa mafuta ya taa kisha anaongeza makaa ya mawe kidogo kidogo. Mvuke ukishapanda vya kutosha anatoa feni, anafungua mvuke wa boila lenyewe uendelee kuvuta moto. Lakini kuna kitu anafanya ambacho mtu wa pembeni hakioni, anafungua kikoki kidogo chini ya kioo cha maji (kibomba cha kioo kinachoonyesha maji ndani ya boila yamefika wapi), maji yanaruka pssst, anafunga, anaangalia yanavyorudi. Yakirudi haraka vinjia viko wazi, yakirudi kwa kusitasita kuna uchafu na hapo hakuna safari. Na anafanya hivyo kwa sababu kioo kilichojaa maji mpaka juu na kioo kitupu kabisa vinafanana, ukikiangalia kwa haraka huwezi kujua kipi ni kipi, na cha pili ndio kinaua.

Kwa nini kinaua? Boila la hivi linafanya kazi kwenye presha ya psi (kipimo cha presha) 80 mpaka 100 hivi, na kwa psi 100 maji yake yako kama nyuzi 170 na bado ni maji kwa sababu presha inayazuia yasichemke. Ukilipasua ghafla sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na kila lita moja inayogeuka inatoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Sasa paa la chumba cha moto limekaa juu ya makaa yanayowaka, kinachofanya lisilainike ni maji yaliyolifunika basi. Maji yakishuka chini ya paa, chuma au shaba inapata joto la moto wenyewe, inalegea, presha inaisukuma chini. Ndio maana injini inatakiwa iwe na njia mbili za kuingiza maji zisizotegemeana, mfano injekta (kifaa kinachosukuma maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke) na pampu ya mkono, kwa sababu injekta ni kitu cha kisirani, maji ya tangi yakipata joto inakataa kabisa kufanya kazi. Na ukijikuta huoni maji kwenye kioo na zote zimegoma hupigi simu kuomba ushauri, unatoa moto chini, palepale, hata kama abiria wanakuangalia. Usithubutu kusukumia maji ya baridi juu ya paa ambalo tayari limekauka.

Kuna na ishu ya mteremko ambayo madereva wapya inawachanganya. Chumba cha moto kiko nyuma, na kioo kiko nyuma. Ukipanda kilima maji yanakimbilia nyuma, kioo kinaonyesha mengi, unajiona tajiri. Ukianza kushuka yanakimbilia mbele na paa linabaki wazi. Kwa hiyo maji unayaongeza kabla hujafika kileleni.

Upande wa ukaguzi, boila linajazwa maji ya baridi lote, hewa yote inatolewa, halafu linasukumwa kwa pampu mpaka mara mbili ya presha ya kazi likiwa jipya, na mara moja na nusu kwenye majaribio ya baadaye. Maji ya baridi kwa sababu hayashindiliki kama hewa, kama kuna ufa linavuja tu na presha inaanguka, hakuna anayeumia. Halafu lipo jaribio la moto: unawasha moto mkubwa, unafungua kila kitu cha kuupandisha, na valvu za usalama lazima zitoe mvuke kiasi kwamba presha haizidi asilimia 10 juu ya ile ya kazi. Bila cheti bima haikutambui, na klabu inayojielewa haikuruhusu hata kuwasha kiberiti.

Sisemi boila ni mchezo. Mwaka 2001 kule Medina, Ohio, injini kubwa ya mvuke ya shambani, ya saizi kamili sio hizi zetu, ililipuka kwenye uwanja wa maonyesho wakafa watu 5. Maji yalikuwa chini na boila lenyewe lilikuwa limechakaa. Kila mtu kwenye hii hobi anaijua hiyo stori na ndio maana unaona wazee wanakuwa wakali kuhusu kioo cha maji.

Lakini angalia kisa kingine. Walt Disney alikuwa na reli yake nyumbani Los Angeles, geji hiihii ya 184, aliizindua 1950. Mwaka 1953 mgeni aliyepewa kuendesha akaingia kona na kasi, injini ikaacha reli ikalala ubavu, mvuke ukaanza kutoka na ukamuunguza mtoto wa miaka 5. Disney akaifunga. Boila halikulipuka pale, tatizo lilikuwa spidi na kona na nani amepewa usukani.

Hapo ndio ninapotaka ufike mkuu. Fikiria mtu mzima wa kilo 80 amekaa juu ya kibehewa ambacho reli zake zimeachana milimita 127, upana usiofika hata urefu wa kiatu chake. Akitulia katikati hakuna shida yoyote. Akijigeuza kumpiga picha mke wake aliyeko pembeni, au akainama kuokota kofia, uzito wote unahamia upande mmoja, na kama treni iko kwenye kona magurudumu ya upande wa pili yananyanyuka. Nimewahi kuwa gadi nyuma, baba mmoja kasimamisha nusu mwili anarekodi video ya mwanae aliyekaa mbele, nikaona flenji ya gurudumu, ule ukingo unaolizuia lisitoke kwenye reli, inaacha kichwa cha reli, nikapiga filimbi na kukamata breki, treni ikasimama, behewa likakaa chini tena. Yule baba alinikasirikia kweli, kwamba nimemharibia video!

Miguu nayo. Watoto wanapenda kuburuza miguu kwenye kokoto, au kunyoosha mkono kugusa nguzo na majani, na kifundo cha mguu kikinaswa kati ya behewa linalotembea na ukingo wa jukwaa hakuna hobi hapo ni hospitali. Kwa hiyo tunarudia maneno yaleyale kila safari mpaka tunajichosha wenyewe: kaa katikati, miguu ndani, mikono ndani, usisimame mpaka gadi aseme.

Breki ni jambo ambalo mimi binafsi naona klabu nyingine zinalichukulia kirahisi. Injini ya kilo mia na kitu inaweza kuvuta watu kumi bila jasho, ila hao watu ni kilo 800, kuwasimamisha kwenye mteremko kwa breki ya injini peke yake ni ndoto. Breki iwe kwenye mabehewa. Na behewa la mwisho liwe na gadi mwenye breki yake, pamoja na minyororo ya akiba kwenye viunganishi, kwa sababu kiunganishi kikikatika kwenye kilima nusu ya treni inarudi nyuma na pengine kuna treni nyingine inakuja. Mwendo tunaweka kama kilomita 10 kwa saa, na treni moja tu kwenye kila kipande cha reli, ya pili haiingii mpaka ya kwanza itoke.

Mengine ni madogo ila yapo: cheche zinaruka machoni, dereva avae miwani maana uso wake uko usawa wa bomba la moshi. Jivu la moto liingie ndoo ya chuma, sio kumwagwa kwenye nyasi kavu. Injini isiachwe inawaka ndani ya banda lililofungwa, ile gesi ya sumu ya makaa (kaboni monoksidi) haina harufu.

Kwa hiyo kumpeleka mtoto, mpeleke. Ukifika simama pembeni kwanza uangalie treni moja inavyopakia. Kama kuna gadi nyuma, anaongea na abiria kabla ya kuondoka, anawapanga wazito na wepesi, na dereva anaangalia nyuma kabla ya kuondoka, panda. Kama wanajaza tu watu na kukimbiza ili foleni iishe, geuza. Ukitaka kuona cheti cha boila omba, mwenye injini aliye sawa atakionyesha na atakuchosha kwa maelezo nusu saa nzima. Mtoto mdogo asiyeweza kukaa mwenyewe akae mbele yako, kati ya mikono yako, sio begani, na simu iache mfukoni. Na kama unataka kujiunga wewe mwenyewe, usiende siku ya abiria, nenda siku ya kazi uombe koleo, watakuzoea haraka zaidi.