Swali la lugha: "Kwa sababu" hii ni ya mkopaji au ya mashine?

SWALI: Ninaandika maelezo yanayomtokea mwombaji mkopo kwenye simu baada ya programu kupima ombi lake. Wahandisi hunipa jibu la modeli, yaani sehemu ya programu iliyojifunza kukadiria kutokana na kumbukumbu za zamani, pamoja na namba zinazoonyesha kila kigezo kimevuta jibu upande gani. Nimeandika hivi: "Mfumo umetabiri kuwa hutalipa mkopo kwa sababu una madeni mengi na hujakaa kazini muda mrefu. Ukipunguza madeni utapata mkopo." Mhandisi mmoja anasema Kiswahili kimenyooka ila maelezo si ya kweli. Kosa liko wapi? Na je, modeli niiite "inayoeleweka" au "inayoelezeka"?

JIBU: Mhandisi ana haki kulalamika, ila amekosea kukisifu Kiswahili, kwa kuwa kosa limeanzia humo humo. Sentensi yako ya kwanza ina vitenzi viwili, "umetabiri" na "hutalipa", kisha inaleta "kwa sababu" moja bila kuonyesha inashikamana na kitenzi kipi. Msomaji ataiunganisha na kile kilicho karibu: hutalipa kwa sababu una madeni. Hapo umeshamwambia kwamba madeni yake ndiyo yatakayomshinda. Modeli haijui hilo. Ilichobaini ni kwamba katika kumbukumbu ilizofunzwa nazo, watu wenye madeni kama yake walishindwa kulipa mara nyingi zaidi kuliko wengine. Madeni yamepandisha namba. Kama ndiyo yatakayomzuia kulipa, hilo ni swali jingine kabisa, na hakuna aliyelijibu.

Kuna jaribio la mwaka 2016 linaloweka utata huu peupe. Marco Ribeiro, Sameer Singh na Carlos Guestrin, walipoitambulisha LIME, mbinu yao ya kueleza majibu ya modeli, walifunza kwa makusudi modeli mbovu ya kutofautisha picha za mbwa mwitu na za mbwa wa aina ya husky. Picha za mbwa mwitu walizoifunzia zilikuwa na theluji, za husky hazikuwa nayo. Mbinu ya maelezo ilipotumika, ilionyesha kwamba modeli inatazama theluji, mnyama hata haimshughulishi. Sasa soma sentensi hii: "Modeli imesema huyu ni mbwa mwitu kwa sababu ya theluji." Ukiiambatanisha sababu na "imesema", ni kweli tupu. Ukiiambatanisha na "ni mbwa mwitu", ni kichekesho. Kwenye picha tunacheka upesi. Kwenye mkopo au majibu ya vipimo vya hospitali sentensi ya namna hiyo hupita bila mtu kushtuka, kwa kuwa maana ile ya pili nayo inaingia akilini.

Kiswahili kina njia rahisi ya kuikata tata hii: mfanye mtenda awe kigezo, na mtendwa awe makadirio. "Kilichopandisha makadirio zaidi ni kiasi cha madeni yako." Kirejeshi "kilicho-" kinaifunga sababu kwenye kitenzi kimoja tu. Hakuna pa kuponyoka.

Muundo huo pia ndio unaolingana na hesabu yenyewe. Namba unazopewa huenda zinatokana na SHAP, mbinu iliyotolewa mwaka 2017 na Scott Lundberg na Su-In Lee kutokana na kanuni ya Lloyd Shapley ya mwaka 1953 kuhusu namna ya kuwagawia wachezaji walioshirikiana pato lao kwa haki. Tuseme modeli huwakadiria waombaji wote, kwa wastani, hatari ya asilimia 20 ya kutolipa. Mwombaji huyu amepata 34. Madeni yameongeza 11, muda mfupi kazini umeongeza 6, na rekodi yake ya kulipa kwa wakati imepunguza 3. Jumlisha, utafika 34. Vitenzi vya hesabu hii ni kuongeza, kupunguza, kupandisha, kushusha, kuchangia. "Kusababisha" hakimo, na usikiingize. Halafu hiyo 3 iliyopunguza uiseme pia. Waandishi wengi huiacha, na mtu aliyelipa madeni yake kwa uaminifu miaka yote anaondoka akidhani hakuna aliyeliona hilo.

Sasa tazama "hutalipa". Asilimia 34 maana yake ni kwamba kati ya waombaji 100 waliopata alama hiyo, kama makadirio ya modeli yanalingana na yanayotokea kweli, 66 hivi watalipa. Wengi wao! Umechukua hatari ya kadiri ukaigeuza hukumu kwa kiambishi kimoja cha -ta-. Wala "huenda hutalipa" haitoshi, maana "huenda" hubeba chochote, kuanzia 5 hadi 90. Andika namba, na uiandike kwa watu badala ya asilimia pekee: "kati ya waombaji 100 wenye alama kama yako, 34 hivi hushindwa kulipa." Hapa -hu- ya mazoea inafaa, kwa sababu inazungumzia kundi lililokwishaonekana. Uepuke vilevile "una uwezekano mdogo wa kulipa": wasomaji wengi husikia "uwezo", wakadhani unawadharau mifuko yao.

Kuhusu "kutabiri" sina ugomvi. Utabiri wa hali ya hewa umeshatuzoesha. Kwa mtu anayesubiri fedha, hata hivyo, neno hilo linanukia unabii. "Kukisia" linaishusha hesabu mno, na "kubahatisha" ni tusi. Ningechukua "kukadiria".

Sentensi yako ya pili ina kosa kubwa kuliko yote, ingawa ni fupi. "Ukipunguza madeni utapata mkopo" ni ahadi. Muundo wa -ki- ukifuatiwa na -ta- huwekeana masharti: timiza hili, nami nitatimiza lile. Ni nani ameahidi? Mwezi ujao modeli inaweza kufunzwa upya, au mwombaji akapunguza madeni kwa kuacha kazi na kulipwa kiinua mgongo, kigezo kimoja kikashuka na kingine kikapanda. Maelezo ya nini kingebadilisha jibu, ambayo watafiti Sandra Wachter, Brent Mittelstadt na Chris Russell waliyapendekeza mwaka 2017, husema jambo dogo zaidi: vigezo vingine vikibaki vilevile, mabadiliko gani madogo yangeleta jibu tofauti? Hilo ni eneo la -nge-, tena pande zote mbili: "Kama madeni yako yangekuwa nusu ya yalivyo sasa, makadirio yangeshuka chini ya kiwango tunachokubali." Usiteleze ukaandika -ngali-. "Ungalipunguza madeni ungalipata mkopo" ni lawama kwa mtu ambaye mlango umeshafungwa. Na kwa vigezo visivyobadilika, kama umri, usitumie -nge- kabisa. Sarufi inaruhusu "ungekuwa mdogo kwa miaka kumi", adabu hairuhusu.

Kwa hiyo ningeandika: "Hatukuidhinisha ombi lako. Programu yetu imekadiria kwamba kati ya waombaji 100 wenye alama kama yako, 34 hivi hushindwa kulipa. Kilichopandisha makadirio zaidi ni kiasi cha madeni yako, kikifuatiwa na muda mfupi kazini. Rekodi yako ya kulipa kwa wakati imeyashusha kidogo. Kama madeni yangekuwa nusu, makadirio yangeshuka chini ya kiwango tunachokubali." Umeona "hatukuidhinisha"? Programu imekadiria, watu ndio waliokataa, na nafsi ya wingi inawataja.

Nimalizie swali lako la pili. Kauli ya kutendeka, ile ya -k-, huuweka uwezo ndani ya kitu chenyewe. Modeli "inaeleweka" ikiwa mtu anaweza kuifuata mwenyewe: jedwali fupi la alama, au mti wa maamuzi wenye matawi machache. Mtandao wa neva, yaani modeli yenye mamilioni ya namba za ndani zinazofanya hesabu, hauko hivyo. Huo "umeelezwa", kauli ya kutendwa, kwa sababu kuna chombo cha nje kilichokuja kuueleza, na maelezo ya chombo hicho yanaweza kutofautiana na yanayotendeka ndani. Tofauti hiyo ndiyo aliyoishikilia mtafiti Cynthia Rudin mwaka 2019 alipohimiza modeli zinazoeleweka zitumike kwenye maamuzi mazito badala ya kueleza zile zilizofungika. "Inaelezeka" linakaa katikati na linawafurahisha wauzaji wa programu, kwani linaazima sifa ya la kwanza kwa kazi ya la pili. Kwenye nyaraka zako andika "modeli imeelezwa kwa SHAP", ukitaja chombo kwa jina.