Kocha Aliyeingia Langoni Akiwa na Miaka 44

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama kocha ni lazima awe aliwahi kuucheza mchezo anaoufundisha. Jibu langu ni ndiyo, na shahidi wangu ni Lester Patrick wa Kanada, aliyezaliwa mwaka 1883, mmoja wa wachezaji wa mwanzo kulipwa mshahara kwa hoki ya barafuni.

Wengi humkumbuka kwa usiku mmoja tu. Tarehe 7 Aprili 1928, mjini Montreal, katika mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Stanley, taji kuu la hoki ya barafuni, kipa wa New York Rangers, Lorne Chabot, alipigwa jichoni na kile kisahani kigumu cha mpira kinachogombewa kwa magongo, na timu haikuwa na kipa wa akiba. Patrick, kocha wao, aliomba kumtumia Alec Connell, kipa wa Ottawa aliyekuwa amekaa zake jukwaani akitazama. Kocha wa wapinzani wao, Montreal Maroons, akakataa katakata. Basi Patrick mwenyewe, mzee mwenye mvi, beki tangu ujana wake, akavaa vifaa vya kipa, akasimama langoni na kufungwa bao moja tu, hadi Frank Boucher alipowapa Rangers ushindi wa 2–1 katika muda wa nyongeza. Siku chache baadaye kombe likawa lao.

Kisa ni kitamu, ila kikisimuliwa peke yake humfanya Patrick aonekane mtu wa ujasiri na bahati tu. Mwaka 1911 yeye na mdogo wake Frank, kwa fedha za biashara ya mbao ya baba yao, walijenga viwanja vya barafu ya mitambo Victoria na Vancouver na kuanzisha ligi yao wenyewe, ambamo Lester alicheza na kufundisha kwa wakati mmoja. Katika ligi hiyo waliruhusu pasi ya mbele katika eneo la kati, na wakamruhusu kipa kujiangusha barafuni kuzuia shuti, jambo ambalo kwingineko lilimletea adhabu. Baadaye sheria hizo zikaigwa kwingineko, kwa hiyo pale Montreal alilinda lango kwa sheria ambazo yeye mwenyewe alishiriki kuzibuni akiwa bado mchezaji.

Boucher, yule mfungaji, ndiye aliyerithi benchi lake mwaka 1939 na kutwaa kombe mwaka 1940, akiwa na wana wawili wa Patrick, Lynn na Muzz, kikosini.