Kriketi: kijana akipigwa fore mbili, umtoe au umwache?

Swali: Mimi ni nahodha wa timu ya klabu, tunacheza kriketi, mechi za ova 20 (ova moja ni mipira sita ya mrushaji mmoja). Nina mrushaji wa kasi wa miaka 17. Mazoezini anatisha, ila kwenye mechi akipigwa fore mbili, yaani mpira kufika mpakani kwa mikimbio minne, namtoa. Nikimrudisha, kasi imekwisha, ni waidi (mpira unaopita mbali na mpigaji) na noboli (mpira haramu, kama wa kuvuka mstari) tu. Ubovu uko mkononi au kichwani?

Jibu: Kwa sehemu kubwa uko kwako, nahodha. Akishajua kwamba fore mbili zinamtoa, ataanza kuusukuma mpira ili usipotee njia. Mpira wa kusukumwa hudondoka mfupi na hauna kasi, mpigaji anausubiri kwa raha zake. Hapo ndipo inapotoka fore ya tatu.

Mwambie kabla ya mechi: "Ova 2 za mwanzo ni zako, liwalo na liwe." Ya tatu mpe katikati, ya nne karibu na ya 17. Katika ova 6 za kwanza ni walinzi wawili tu wanaoruhusiwa nje ya duara lililochorwa ndani ya uwanja, kwa hiyo fore zitakuwepo. La kuangalia ni zimetokeaje. Mpira uliogusa ukingo wa bati, gongo la mpigaji, ukapita slipu (mlinzi wa nyuma ya mpigaji, kando ya mdaka mpira) ni mpira mzuri. Usimwondoe mtu wa slipu kwa sababu hiyo, maana ukingo unaofuata utapita palepale. Ila mipira mitatu mifupi mfululizo ni kosa la kurekebisha.

Wewe simama mid-ofu, nafasi ya mlinzi iliyo karibu na mrushaji. Anaporudi kwenye alama yake, muulize, "Unataka kurusha nini?" Akijibu, mpangie walinzi kwa mpira huo. Mpe neno moja tu, kwa mfano alenge mita 6 hadi 8 kutoka kwenye stampu, vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji. Kumpigia makofi na "jitahidi!" hakumsaidii kitu.

Tazama Brisbane, Novemba 2013. Mitchell Johnson, mrushaji wa kasi wa Australia, hakuwa amechaguliwa kwa ziara ya Uingereza ya Ashes (mfululizo wa mechi za Australia na Uingereza) miezi michache nyuma, na mkupuo wake wa kwanza siku ile, yaani ova zake za kwanza za mfululizo, haukutulia. Nahodha Michael Clarke akamrudisha, akamtumia kwa mikupuo mifupi ya ova 3 au 4, kazi yake ikiwa kasi tupu. Alimaliza ingizo lile (zamu ya timu pinzani kupiga) na wiketi 4, yaani wapigaji wanne aliowatoa, kwa mikimbio 61, na mfululizo mzima na wiketi 37 katika mechi 5.

Kumwamini si kumchosha, lakini. Mtoe akianza kufupisha mbio, bega likishuka, au akishika kiuno. Noboli mbili katika ova moja mara nyingi ni hatua zilizovurugika: apime upya mbio zake kwa futi kamba, si kwa macho. Kwenye mechi ndefu, kijana wa umri huo asizidishe ova 7 kwa mkupuo, kisha apumzike kwa idadi ileile ya ova kutoka upande uleule.

Na kama uwanja wenu uko karibu na bahari, msimu wa kusi mpe upande wenye upepo mgongoni. Wakongwe watanung'unika; waache.